Upana wa Gari, Upana wa Mji

Gari dogo la mizigo ambalo wakazi wa Dar es Salaam wanaliita Kirikuu halikubuniwa kwa ajili yao. Ni Suzuki Carry, na linatoka katika daraja la magari ambalo sheria ya Japani ililianzisha mwaka 1949 na kuliwekea mipaka. Siku hizi mipaka hiyo ni urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48 na injini ya sentimita za ujazo 660, na anayekubali kubaki ndani yake analipa kodi nafuu. Mwaka 1962 Japani ikaongeza sharti jingine: huwezi kusajili gari mpaka uthibitishe kwamba una mahali pa kuliegesha nje ya barabara, na kwa magari haya madogo sharti hilo lililegezwa katika maeneo mengi. Kwa hiyo wahandisi hawakuchagua wembamba kwa kuupenda. Sheria na miji iliyobanana ndizo zilizowaelekeza. Miaka mingi baadaye gari lilelile, likiwa limeshatumiwa na mmiliki wake wa kwanza, linashushwa bandarini Dar es Salaam na kwenda kubeba mchanga, maji na makochi katika vichochoro vya Manzese na Tandale ambako lori haliwezi kugeuza.

Katika mji huohuo inapita Land Cruiser, ile ambayo watu wanaiita V8. Urefu wake ni karibu mita 5, upana karibu mita 2, uzito zaidi ya tani mbili na nusu, na mara nyingi ndani yumo dereva na bosi wake tu. Magari mawili ya Kirikuu kwa pamoja yanachukua eneo linalokaribia lile la V8 moja. Na hapo bado hatujagusa suala la mafuta.

Mjadala wa usafiri endelevu mijini umezoea kuanzia kwenye moshi: petroli, gesi au umeme. Moshi ni jambo zito, nami nitaufikia, lakini naamini mjadala unapaswa kuanzia kwenye nafasi. Kila chombo cha moto kinapoingia mjini kinadai ardhi: ya kupita, ya kugeuzia, ya kusimama kutwa nzima wakati mwenyewe yuko ofisini. Kinadai pia kwamba wengine wajihadhari nacho, kulingana na uzito na mwendo wake. Mpango wa mji ndio unaoamua dai lipi likubaliwe na lipi likataliwe. Tatizo ni kwamba kazi ya kupanga mji na kazi ya kuunda na kuagiza magari zimetenganishwa. Wapangaji wa mji wanalipokea gari kama lilivyo na kulichorea barabara, na waundaji na waagizaji wa magari wanaipokea barabara kama ilivyo na kuitafutia gari. Anayebaki katikati ni yule anayetembea kwa miguu au kuning'inia mlangoni mwa daladala, ambaye ndiye mkazi wa kawaida wa miji yetu.

Tuitazame Dar es Salaam ilivyopangwa. Wajerumani, kwa kanuni yao ya ujenzi ya mwaka 1891, walianza kuugawa mji kwa aina ya nyumba. Waingereza wakauendeleza mgawanyo huo hadi ukawa wa rangi za watu: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, viwanja vipana na miti, Uhindini kwenye maduka, Waafrika Kariakoo na Ilala. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kutenganisha Uhindini na Kariakoo. Sehemu ambayo wakoloni waliithamini kidogo ndiyo leo ina maumbile yanayofaa zaidi kwa usafiri wa mji. Mitaa ya Kariakoo ni mifupi na inakatana kila baada ya hatua chache, duka liko chini na makazi yako juu au uani, na mtu anaweza kununua, kuuza, kuswali na kurudi nyumbani bila kupanda chochote. Masaki na Oysterbay, kwa uzuri wake wote, ni mahali ambapo hata mkate unafuatwa kwa gari.

Baadaye zikaja ramani kuu: ya mwaka 1949 iliyochorwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb, kisha za 1968 na 1979 zilizoandaliwa na wataalamu kutoka Kanada. Baada ya hiyo ya 1979, mji ulikaa miongo bila ramani kuu mpya iliyoidhinishwa, na watu hawakuacha kuhamia wala kuzaliana kwa sababu hiyo. Sensa ya 2012 ilikuta watu 4,364,541. Ile ya 2022 ikakuta 5,383,728. Sehemu kubwa ya wakazi hawa walijijengea kwenye maeneo yasiyopimwa, na pale Serikali ilipojitahidi kupima, ilipima mbali. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulifanya jambo jema kwa kuwapatia wananchi hati na mipaka iliyonyooka, lakini viwanja vyenyewe vilikuwa Bunju, Buyuni, Kibada, Mwongozo, Tuangoma, na karibu vyote vilikuwa vya nyumba moja moja yenye ukuta wake na geti lake. Kazi, hospitali kubwa na soko kuu vilibaki kulekule katikati.

Hapa ndipo ramani inapomchagulia mtu chombo cha kusafiria. Nyumba zikitawanyika, basi haliwezi kupata abiria wa kutosha walio umbali wa kutembea kutoka kituoni. Mkazi wa ndani kabisa ya Bunju anaanza na bodaboda hadi barabara kuu, anapanda daladala, anabadilisha Mwenge au Makumbusho, na jioni anarudia kwa kinyume. Akipata mkopo, jambo la kwanza analofikiria ni gari, na hakosei. Kwa ramani aliyopewa, gari ndilo jibu la akili. Kisha yeye na maelfu wenzake wanaingia kwenye barabara nne zinazokusanyika katikati ya mji, yaani Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa, na foleni inayotokea tunaiita tatizo la magari. Mimi naiita tatizo la viwanja.

Tulishawahi kufikiri vinginevyo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipopitishwa mwaka 1973, ramani kuu iliyofuata, ya mwaka 1976, iliukusudia mji wa mitaa inayoshikana kwa njia ya mabasi, ambamo shule, duka na ofisi ya mtaa vinafikika kwa miguu au kwa baiskeli, na gari binafsi halipewi kipaumbele. Sehemu ndogo tu ya hayo ilijengwa. Inafaa kukumbuka, kila tunapoambiwa kwamba mji wa watembea kwa miguu ni fikra ya Copenhagen, kwamba Serikali ya Mwalimu Nyerere ilikuwa na ramani ya namna hiyo kabatini kwake.

Na pwani yetu ina ushahidi wa zamani zaidi. Mji Mkongwe wa Zanzibar na mji wa kale wa Lamu ilijengwa kabla ya gari. Katika Lamu, upana wa kichochoro ulitokana na punda mwenye mzigo, na kuta ndefu za pande mbili zinakitia kivuli karibu kutwa nzima. Kivuli ni miundombinu, ingawa sijaona bajeti ya barabara inayokitaja hivyo. Katika nchi ambayo jua la saa saba linachoma, njia ya miguu isiyo na mti ni njia iliyojengwa nusu. Wahandisi wetu wanapanua barabara kwa kung'oa miembe na mikungu, kisha tunashangaa kwamba watu hawatembei mita 600 hadi kituoni ila wanapanda bodaboda.

Mwaka 2016 Dar es Salaam ilifanya jambo ambalo miji mingi mikubwa ya bara hili ilikuwa bado inalizungumzia tu. Mwezi Mei mwaka huo mabasi ya mwendokasi yalianza kupita katika njia yake yenyewe, kilomita 21.1, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Safari iliyokuwa ikimaliza saa mbili ikawa ya dakika 45 hivi. Mwaka 2018 mji ukapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Nauelezea mradi huu kwa kirefu kwa sababu ndipo mahali pekee Tanzania ambapo barabara na chombo vilichorwa kwa pamoja, kila kimoja kikijua kingine kitakuwaje.

Chukua mlango. Daladala nyingi za Dar es Salaam ni Coaster, basi lililobuniwa kubebea watalii, wafanyakazi wa kampuni au watoto wa shule: watu wanaopanda mara moja, wanakaa, na kushuka mara moja. Mlango ni mmoja, mwembamba, wenye ngazi, na njia ya kati huzibwa na viti vya kukunja. Liweke basi hilo kwenye njia ya Mbagala ambako abiria wanapanda na kushuka kila kituo, na muda unaopotea mlangoni unazidi ule unaopotea kwenye taa. Mama mwenye mtoto mgongoni anasukumwa, mzee anavutwa mkono na konda, na mwenye kiti cha magurudumu hapandi kabisa. Basi la mwendokasi lina milango mipana kadhaa, sakafu yake iko sawa na jukwaa la kituo, na nauli inalipwa kabla basi halijafika. Watu 30 wanashuka na 30 wanapanda kwa sekunde chache. Mabasi marefu yaliyounganishwa, ya mita 18, yanabeba abiria zaidi ya mia moja na hayahitaji upana zaidi ya ule wa lori. Wahandisi wa miji wanakadiria kwamba njia moja ya barabara ikiachiwa magari binafsi hupitisha watu kati ya 600 na 1,600 kwa saa, na ikitengwa kwa mabasi hupitisha kati ya 4,000 na 8,000. Lami ni ileile. Kilichobadilika ni chombo na kanuni ya nani apite.

Lakini mradi huohuo unaonyesha jinsi mpango mbovu unavyoweza kuliangusha basi zuri. Karakana kuu iliwekwa Jangwani, ndani ya bonde la Mto Msimbazi, mahali ambapo kila mkazi wa Magomeni angekwambia maji yanapita. Mvua za masika zimeizamisha mara nyingi, mabasi yameharibika, na barabara pale imefungwa kila maji yanapojaa. Sasa mradi wa kuliboresha Bonde la Msimbazi unalazimika kuihamisha karakana na kulijenga upya daraja la Jangwani kwa kuliinua. Kosa la ramani limelipwa mara mbili. Njia ya pili, ya kwenda Mbagala, ilikamilika ikakaa muda mrefu bila mabasi, huku wakazi wakiitazama njia tupu ya zege kutoka madirishani mwa daladala. Na kwenye njia ya kwanza mabasi hayakuwahi kutosha: daladala ziliondolewa Barabara ya Morogoro kabla mbadala wake haujakamilika, na abiria wa Kimara saa kumi na mbili asubuhi anajua maana ya hilo mbavuni mwake.

Kuna kosa jingine ambalo halionekani kwa sababu ni la kitu ambacho hakikufanyika. Curitiba, mji wa Brazili ulioanzisha mabasi ya namna hii mwaka 1974 chini ya meya na mbunifu majengo Jaime Lerner, haukujenga njia ya mabasi peke yake. Sheria ya ujenzi ilibadilishwa wakati uleule: maghorofa yakaruhusiwa kando ya njia hizo, na kadiri unavyotoka pembeni ndivyo majengo yanavyotakiwa kuwa mafupi. Watu wakaishi palipo na basi. Kwetu, ukishuka kituo kimoja cha mwendokasi kati ya Ubungo na Kimara, unaweza kukuta gereji, ukuta mrefu, kituo cha mafuta na nyumba ya chini ya mtu mmoja. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inatoa uwezo wa kuandaa mipango ya maeneo kama hayo. Ardhi iliyopandishwa thamani na fedha za umma ilipaswa kubeba nyumba za watumishi, walimu na wauguzi wanaotoka Kibaha kila alfajiri.

Badala yake tumepanua barabara. Kimara hadi Kibaha zimejengwa njia nane kwa kilomita 19.2, na nyumba nyingi zikabomolewa kupisha upana huo. Nairobi imepita njia hii mbele yetu: Barabara ya Thika ilizinduliwa mwaka 2012, na mwaka 2022 ikafuata barabara ya kulipia ya juu kwa juu, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Gilles Duranton na Matthew Turner, wachumi waliochunguza miji ya Marekani na kuchapisha matokeo yao mwaka 2011, waliona kwamba kilomita zinazosafiriwa na magari huongezeka karibu sawasawa na kilomita za njia zinazoongezwa. Foleni inapungua kwa muda, watu wanajenga mbali zaidi kwa kuwa sasa kunafikika, na baada ya miaka michache foleni inarudi ikiwa ndefu. Ruiru na Juja, kando ya Barabara ya Thika, zinaweza kuthibitisha. Sisemi barabara zisijengwe. Daraja la Kigamboni lililofunguliwa mwaka 2016 liliwaondoa watu kwenye utumwa wa kivuko. Ninachosema ni kwamba kila upana unaoongezwa bila njia ya basi na njia ya miguu ni mwaliko kwa gari binafsi, na mwaliko huo utaitikiwa.

Sasa turudi kwenye chombo chenyewe, maana wapangaji wa mji huwa wanaishia hapo nilipoishia. Umbo la gari linaua au linaokoa. Taasisi ya usalama barabarani ya kampuni za bima za Marekani ilichapisha mwaka 2023 uchunguzi ulioonyesha kwamba magari yenye boneti iliyo juu zaidi ya mita moja hivi yana uwezekano mkubwa zaidi, kwa takriban asilimia 45, wa kumuua mtembea kwa miguu aliyegongwa, yakilinganishwa na magari yenye boneti fupi iliyoinama. Sababu inaeleweka bila kuwa daktari. Boneti fupi inampiga mtu mguuni na kumbeba juu, ndefu inampiga kifuani, na mtoto inampiga kichwani na kumweka chini ya magurudumu. Dunia inanunua zaidi hayo marefu: mwaka 2023 karibu nusu ya magari mapya yaliyouzwa duniani yalikuwa ya aina hiyo ya miili mikubwa. Na yanayouzwa mapya huko leo ndiyo yatakayoshushwa kwetu yakiwa mitumba baada ya miaka minane. Kwa hiyo uamuzi wa mnunuzi wa Yokohama au Birmingham unamhusu mtoto wa shule ya msingi wa Temeke.

Kuna dawa mbili, moja ya gari na moja ya barabara. Ya gari ni kudhibiti mwendo. Umoja wa Ulaya umeagiza tangu Julai 2024 kila gari jipya liwe na kifaa kinachosoma kikomo cha mwendo na kumwonya dereva akikizidi. Kwetu jambo hili si geni. Kenya ilianza kuzilazimisha matatu kufunga vidhibiti mwendo na mikanda mwaka 2004, chini ya Waziri John Michuki, na Tanzania inafuatilia mabasi ya mikoani kwa mfumo wa setilaiti unaoonyesha dereva anakimbiza kiasi gani. Hakuna sababu ya kiufundi ya mfumo huo kutohusu malori ya mchanga yanayopita Goba na Mbezi ndani ya makazi.

Ya barabara ni rahisi zaidi na inanipa matumaini kuliko jambo jingine lolote katika makala haya. Shirika la Amend, lililofanya kazi kwenye shule za msingi za Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika, lilikwenda kwenye shule ambazo wanafunzi wake walikuwa wakigongwa mara kwa mara, likaweka matuta, vivuko, alama, njia za pembeni na nguzo fupi za kuzuia magari yasipande juu, na kuhamisha mageti ya shule yaliyofungukia moja kwa moja kwenye barabara kuu. Majeraha kwa watoto yalipungua kwa takriban robo katika shule zilizopimwa. Mwaka 2019 kazi hiyo ilishinda tuzo ya kwanza ya miji ya kituo cha WRI Ross. Ni zege, rangi na mtu aliyekwenda kusimama getini saa za kutoka shule akatazama. Linganisha na lile daraja la juu la waenda kwa miguu, ambalo ndilo jibu letu tulilozoea: tunamtaka mwenye ndoo kichwani au mguu mbovu apande ngazi na kushuka ili gari lisipunguze mwendo. Watu wanalikwepa na kuvuka chini, tunawaita wakaidi. Kivuko cha usawa wa barabara chenye tuta pana kingemfaa yeye na kumgharimu dereva sekunde kumi.

Ndipo tunafika kwenye nishati. Nchi za Afrika Mashariki zilifanya jambo kubwa lisilozungumzwa vya kutosha pale zilipokubaliana kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni tangu Januari 2015. Mafuta hayo safi yanakutana na magari yaliyochoka. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilihesabu magari mitumba milioni 14 yaliyosafirishwa duniani kati ya 2015 na 2018, sehemu kubwa zaidi ikija Afrika, mengi bila kukidhi viwango vya moshi. Kenya inakataa gari lililozidi miaka minane. Tanzania inalikubali na kulitoza zaidi. Mengine yanafika yakiwa tayari yameng'olewa kile kifaa cha kuchujia moshi ambacho mafundi wanakiita masega, kwa sababu madini yaliyomo yana bei.

Umeme unakuja, na nauona kama neema, ilimradi tujue uanzie wapi. Gari binafsi hukaa limeegeshwa sehemu kubwa ya siku. Kulipa bei ya betri kwa kitu kinachokaa tu ni kuzika fedha. Bodaboda na basi la mjini vinazunguka kutwa, na kila kilomita inaokoa mafuta, hivyo betri inajilipa. Rwanda ilielewa hilo mapema. Kampuni ya Ampersand ilianza Kigali kwa pikipiki ambazo dereva hangojei kuchaji, anabadilisha betri na kuondoka, na Serikali ikaamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ziwe za umeme. Nairobi ina mabasi ya BasiGo tangu 2022, mmiliki wa matatu akilipia betri kwa kilomita alizokwenda badala ya kuinunua. Uganda ina Kiira Motors, iliyotokana na wanafunzi na walimu wa Makerere, inayotengeneza mabasi yenyewe. Tanzania yenye bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 haina kisingizio cha umeme. Bajaji za gesi asilia, zinazotumia gesi inayotoka Songo Songo, ni hatua nzuri ya kati, ingawa madereva wanapoteza saa nyingi kwenye foleni za vituo vichache vya kujazia.

Ila gari la umeme linalochukua nafasi ya gari la petroli linachukua nafasi ileile, na kwa uzito mkubwa zaidi. Matairi yake yanatoa vumbi, breki zake pia, na V8 ya umeme inamgonga mtoto kama ile nyingine. Wapiga kura wachache waliojitokeza Paris Februari 2024 walikubali magari mazito yasiyo ya wakazi yaegeshwe kwa bei mara tatu, euro 18 kwa saa katikati ya mji, na hata ya umeme yamo iwapo yanafika tani mbili. Wametambua kwamba nafasi ina bei. Singapore ilitambua hivyo mwaka 1975 ilipoanza kutoza magari yanayoingia katikati ya mji, wakati huo ikiwa bado nchi changa yenye kipato cha kawaida, hivyo hoja kwamba haya ni mambo ya matajiri haisimami.

Hapa kwetu tayari tuna nyenzo mkononi. Kodi ya gari linaloingia Tanzania inatofautiana kwa ukubwa wa injini na kwa umri. Haitazami uzito, upana wala kimo cha boneti. Kuongeza vigezo hivyo kwenye jedwali la ushuru ni kazi ya sheria moja ya fedha ndani ya bajeti ya Juni, na gari jembamba na jepesi likanufaika kama Japani ilivyofanya. Mabasi ya milango miwili yenye sakafu ya chini yangeweza kuingia kwa msamaha ambao Coaster iliyotumika haipati. Kwa upande wa daladala, tatizo si basi peke yake. Dereva anayetakiwa kupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni lazima asubiri lijae na lazima akimbize, hata umpe basi la namna gani. Mkataba unaolipa kwa kilomita, kama ule unaotumika kwenye mifumo ya mabasi ya Bogotá, ungemwondolea sababu ya kukatisha ruti.

Kikwazo kikubwa ni kwamba kila nyenzo iko kwenye droo ya mtu tofauti. Barabara kuu ni za TANROADS, za mitaa ni za TARURA, leseni za abiria ni za LATRA, mabasi ya haraka ni ya DART, viwanja ni vya wizara na manispaa, ushuru ni wa TRA. Hakuna kati yao anayewajibika kwa safari nzima ya mtu kutoka mlangoni kwake Chanika hadi kazini kwake Posta, wakati safari hiyo yeye anaifanya kama kitu kimoja: anaruka mtaro usio na mfuniko, anapanda bodaboda, anasubiri, anasukumwa, anatembea juani.

Njia za Gongo la Mboto na Tegeta zimo katika awamu zinazofuata za mwendokasi. Kando yake bado kuna viwanja ambavyo havijajengwa ghorofa wala yadi ya kuuzia magari, na mitaa ya nyuma bado ina miti. Halmashauri zinaweza sasa hivi, kabla basi la kwanza halijapita, kutangaza mpango wa eneo la mita 500 kila upande wa kituo: majengo marefu yenye maduka chini na sehemu ya nyumba za kipato cha chini, maegesho machache, njia za miguu zenye kivuli na mitaro iliyofunikwa, na mahali maalumu pa bodaboda na bajaji kushushia abiria. Wenye viwanja hivyo wanauza kila wiki. Madalali wa Goba na Pugu wameshapandisha bei kwa kutaja mwendokasi, na kila kimoja kinachozungushiwa ukuta wa nyumba moja kabla ya tangazo hilo kitakuwa kimeamua, kwa miaka 50 ijayo, jinsi wakazi wa nyuma yake watakavyosafiri.